Chungu cha Nne

Latitudo, longitudo, mwinuko: hivi havibishani.
Satelaiti ilikwisha kuvisoma kabla sijafunga kamba za viatu.
Mita elfu mbili mia moja na sita juu ya bahari
ambayo hapa hakuna aliyewahi kuiona,
ila Kheirollah, aliyepigana kusini ujanani
na hataki kuulizwa.

Gerdudarreh, bonde la jozi.
Sensa iliyopita: kaya tisa, watu thelathini na wanane.
Iliyoitangulia: kaya ishirini na moja,
na pembeni mtu kaandika kwa penseli,
*shule, mwalimu mmoja.*
Mimi nilipanda na punda wa kukodi,
fomu ndani ya mfuko wa nailoni,
maana theluji ilikuwa imekula daraja.

Ipo kanuni, sikuitunga mimi:
kijiji chenye kaya zisizofika nne
hakichapwi idadi. Huwekewa kinyota.
Kinyota! Kana kwamba watu wake
wamehamia angani.

Nilihesabu. Tatu.
Kheirollah na mbwa wake
(mbwa hahesabiwi, nilimweleza mara mbili).
Sabzali na Safarali, ndugu wasiosemezana
tangu ugomvi wa mfereji,
lakini hula sahani moja, kwa hiyo kaya moja.
Bibi Mahtalat, mkaza mwanawe Golandam,
na wajukuu wawili wenye makamasi.

"Kaya ni nini?" bibi aliuliza.
Nikamsomea ukurasa wa nne:
ni wanaolala chini ya paa moja
na kupika chungu kimoja.
Akarudia taratibu, kama anayepima unga:
chungu kimoja.
Akanijazia chai, akatoka.
Nyuma ya ukuta nikasikia minong'ono,
kisha chuma kikiburutwa.

"Andika basi. Mimi na huyu tumetengana."
"Lini?"
"Sasa hivi. Kazidisha chumvi."
Golandam aliinamisha uso;
mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nikaenda kukagua, kazi ni kazi.
Majiko mawili. La kale, masizi ya vizazi;
na jingine, mawe matatu yaliyotoka kuokotwa,
theluji bado inayatoka jasho,
juu yake sufuria mpya,
karatasi ya bei haijabanduka ubavuni.
Adesi huku, adesi kule.
Nilionja zote mbili.
Chumvi ileile.

Kalamu ilikaa hewani.
Nilimwona Bwana Daneshvar ofisini mjini,
miwani puani, kidole juu ya jedwali,
akiuliza nne imetoka wapi.
Bibi hakunitazama. Alikuwa akimfuta mjukuu pua
kwa upindo wa shela, kwa nguvu kupita kiasi.

Nikaandika: nne.

Nikaondoka kabla jua halijaingia mlimani.
Kwenye kona ya kwanza niligeuka:
uani kwa Mahtalat mioshi miwili,
imenyooka, haigusani.
Kwenye kona ya pili, mmoja.
Punda akateleza kwenye barafu.
Nikadaka fomu kwanza,
hatamu baadaye.