Kilo Kumi na Nne

Mimi kazi yangu ni kupima malori.
Miaka tisa kwenye mizani ya barabara kuu,
zamu ya usiku, kikoti cha kung'aa,
ekseli kwa ekseli, tani kwa tani,
na dereva anaapa kwa mama yake mzazi
kwamba hajazidisha.
Basi mwezi wa saba nikaomba likizo,
nikaazima begi la mgongoni,
nikapanda Uru kwa miguu kutoka Moshi mjini
nikihema kama lori la saruji
lililobakiwa na gia moja.

Ndeonansia alinipokea getini.
Hakuuliza jina. Alilivua begi mabegani mwangu,
akalitundika kwenye ndoano ya mizani ya kahawa
pale barazani. Mshale ukacheza, ukatulia.
"Kumi na nne. Na unakaa siku tano?
Umebeba nini, baba, matofali?"
Nikacheka peke yangu.
Leo nimepimwa mimi.

Siku ya kwanza nilikuwa na ratiba:
maporomoko saa tatu, msitu saa sita,
picha ya Kibo kabla ya mawingu.
Ukungu ukashuka, ukaketi kihambani
kama mgeni asiyetaja siku ya kuondoka.
Ratiba ikalowa mfukoni, wino ukatanda.
Nikala mtori. Nikalala.
Nikaamka, nikala tena.

Siku ya pili sijui ilikwenda wapi.
Namkumbuka kinyonga mmoja kwenye tawi la mbuni,
anavuka kutoka jani hadi jani:
mguu juu, anafikiri, anaurudisha.
Tulipoitwa mezani alikuwa hajafika.
Nilimwelewa.

Usiku wa tatu, saa tisa, ubao ukagongwa.
"Zamu yetu ya maji!"
Neno *zamu* likaninyanyua kabla ya akili;
nikapapasa gizani natafuta kikoti cha kung'aa.
Tukapanda na Aminieli, mwanawe, tochi moja,
mpaka mfongo unapogawanyika.
Akaondoa jiwe, akavuta gogo la mgomba.
Maji yakasita, kama mtu aliyeulizwa njia,
kisha yakageuka.
Hayakupiga honi. Hayakuapa.
Tukayafuata yakiteremka shina kwa shina,
magimbi kwanza, halafu kahawa, halafu migomba,
vidole vya miguu sivisikii kwa baridi,
na juu yetu, bila kuitwa na mtu,
mawingu yakaachana:
mlima mzima, mweupe kichwani,
karibu kiasi cha kuuonea haya.
Simu nilikuwa nimeiacha chini ya mto.
Aminieli akapiga mwayo.
"Leo upo," akasema,
kama anayemzungumzia jirani wa ng'ambo ya boma,
akainama kuziba tundu la fuko.

Siku ya nne sikufanya kitu,
na nilikifanya vizuri.
Labda nilipukuchua maharage, nusu debe.
Labda ng'ombe, bandani mwake, alinitazama
akicheua, nami nikamtazama,
wala hakuna aliyemwandikia mwenzake risiti.

Asubuhi ya kuondoka, begi likarudi kwenye ndoano.
Sabuni ilikwisha, soksi za sufu nilimwachia Aminieli,
lakini mshale ulipita palepale pa kwanza
ukaendelea, ukaendelea:
kumi na tisa.
Chane mbili za ndizi mshare,
kahawa iliyokaangwa jana kwenye kikaango cha chapati,
parachichi sita, "na hili moja la njiani."
Nikamwambia: mama, kisheria
siwezi kuliruhusu gari hili kupita.
Umezidisha kilo tano. Faini yake unaijua?

Ndeonansia akausukuma mshale kwa kidole
mpaka kwenye sifuri, akaushikilia hapo.
"Mizani hii ni mbovu tangu msimu uliopita.
Hukuona?
Nenda. Mvua hiyo inakuja."