Somo la Pembeni

Kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili.
Cha kwanza, kipana, nikaandika: Uhasibu.
Cha pili kilikuwa chembamba kama ufa wa mlango;
nikalibana humo neno Jiolojia,
herufi ya mwisho ikamwagikia nje ya mstari.

Mshauri wangu, Bwana Lindqvist, alivua miwani.
"Krediti kumi na nane za mawe? Za nini, Tuovi?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na nyundo ya kuazima
ikigongana na kikokotoo mkobani.

Februari, Duluth. Ziwa limeganda hadi macho yanapokoma.
Tuko kumi na mmoja, tumepiga magoti ukingoni.
Wale kumi, hii ndiyo fani yao;
mimi ni wa kuazima, kama nyundo.
Profesa Odegaard anapapasa mwamba mweusi:
"Huu ulikuwa uji wa moto,
miaka bilioni moja na milioni mia moja iliyopita.
Msiuharakishe."
Nami kesho saa mbili nina mtihani wa kodi.

Nimejifunza kutafuna mawe.
Likikwaruza meno, lina chembe za mchanga;
likiteleza, ni udongo mtupu.
Mama aliposikia kwenye simu alicheka hadi akakohoa:
"Ada yote ile, mwanangu, unakula mawe?"

Kisha Jumanne moja, maabara, kigae cheupe cha kauri.
Nikapewa jiwe jeusi, zito,
linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
"Liburure," akasema. Nikaliburura.

Likaandika mstari mwekundu.

Wekundu uleule
wa duara lililobaki ndani ya beseni la babu Eino
kila jioni alipotoka mgodini, Hibbing,
duara ambalo bibi alilisugua kwa magadi miaka thelathini,
likafifia, likarudi,
hata babu alipokwisha kuzikwa, lilikuwepo.

Darasani kwetu wekundu ni hasara.
Tunaukwepa, tunauhamisha safu,
tunauita jina la heshima.
Hapa ndio jina lenyewe:
jiwe huvaa rangi lipendayo,
ukiliburura, linasema.

Profesa alisema, "Andika: chuma." Nikaandika.
Sikumwambia habari za beseni.

Usiku nilifungua daftari la kodi bila kunawa.
Ukurasa wa nane, kando ya mizania,
pale ambapo jumla zilikuwa zimekubaliana,
kimebaki kidole changu.