Mizani ya Unga

Jumatatu nilitaka kupima unga wa mikate
nikakuta komeo la bunduki limelala kwenye sahani ya mizani yangu,
limelowa mafuta, linang'aa kama samaki.
"Mia tatu sitini na nne," akasema Struan bila kugeuka,
kalamu ya risasi sikioni.

Hapa Fairlie, baridi ikikaribia,
wanaume wengine hupaka rangi mabati au hukosana na wakwe.
Wangu anapunguza bunduki.
Ana miaka hamsini na tisa na goti moja la chuma,
na kule juu, unakozaliwa mto Godley,
mlima haumwulizi mtu habari za magoti.

Daftari lake nililisoma akiwa anaoga.
Kitako cha mti wa jozi, cha marehemu baba: gramu elfu moja mia moja na kumi.
Kitako cha nyuzi za kaboni: mia sita ishirini.
Bei: dola elfu moja mia tatu sabini na mbili.
Akagawanya, akapiga mstari:
dola mbili na senti themanini kwa gramu.
Chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu:
*Siagi, senti mbili kwa gramu. Na inaliwa.*

Hakunijibu. Alikwenda Timaru kwa fundi Ruaridh,
mtutu ukarudi umekonda, una mifereji ubavuni
kama mbavu za farasi mzee.
Kisha komeo: kulitoboa na kulichonga, gramu thelathini na moja,
dola mia nne.
Hapo mwenyewe alikuna kichwa.
Alilala na hesabu hiyo siku mbili,
siku ya tatu akalipa.
Haba na haba hujaza kibaba;
bei ya kukipunguza kibaba hakuna aliyeitaja.

Mkanda wa ngozi ukatoka, ukaingia wa nailoni.
Skrubu mbili zikaagizwa za titani, zikaja kwa posta
ndani ya boksi lililozizidi uzito mara ishirini.
Nikamwambia, bado ule mkebe wa keki ya tangawizi.
"Keki haiguswi," akasema.

Wakaondoka Alhamisi, yeye na Tamati wa ng'ambo ya barabara.
Yaliyotokea amenieleza Tamati, si yeye.
Mbuzi-mwitu dume, manyoya yamemjaa shingoni,
amesimama juu ya mwamba kama mwenye hati ya mlima.
Struan akalala kifudifudi, akalenga,
na bunduki, nyepesi kama fagio, ikawa inacheza
kwa upepo, kwa pumzi, kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe.
Risasi ikapata jiwe.
Teke likampata begani.
Dume likahamia mwamba wa pili, bila haraka.

Basi mume wangu akavua soksi,
akaijaza kokoto, akaifunga chini ya mtutu,
akalenga tena, mguu mmoja peku juu ya barafu.

Soksi nimeikuta kwenye nguo chafu, kokoto bado zimo.
Nimeipima: mia tano na tatu.

Waliteremka saa sita nzima, kila mmoja na kilo thelathini na nne za nyama mgongoni,
na Tamati anaapa Struan alikuwa anapiga mluzi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
wa nyama yako, naona, hauna hata kanda.

Kitako cha zamani kiko bandani, nyuma ya makopo ya rangi.
Jana nilikileta jikoni, nikakilaza kwenye sahani.
Karibu na shingo yake kuna kibonde,
laini kama ndani ya kijiko,
dole gumba la baba mkwe lilipokaa miaka arobaini.
Nikatia langu. Halikujaa.
Mzee naye alikuwa anaipunguza,
msimu kwa msimu,
na hakuna aliyemtoza senti.

Nikaifuta sahani, nikapima unga.
Mkate wa wiki hii unanukia mafuta ya bunduki.
Wateja wawili wameuliza.