Kumi na Tatu

Saa nane usiku, chumba cha kufulia cha hospitali, Buffalo.
Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha
na Byamungu anapiga meza:
"Mara arobaini na mbili! Nimezihesabu mwenyewe.
Mara arobaini na mbili Pettiway kapewa mpira
sekunde zikiwa chache kuliko vidole vya mkono.
Zilizoingia, kumi na tatu.
Huyo ndiye mnataka jezi yake itundikwe ukutani?"

Kokuhirwa hajibu. Anakunja shuka,
pembe kwa pembe.
Kisha: "Na wale wenzake wanne, walipewa mara ngapi?"
"Hawakupewa."
"Hawakutaka. Niliwaona wakijibanza nyuma ya mabeki
kama wadeni siku ya mshahara."

Muya, ambaye kwa kawaida huzungumzia matairi ya baridi tu,
anasema: "Fainali ya Rochester."

Hapo sasa.

Byamungu anaapa mguu ulikanyaga mstari,
zilikuwa pointi mbili, refa alikuwa na usingizi.
Kokuhirwa alikaa safu ya sita, aliuona mstari wote,
mweupe, na kiatu kando yake, upana wa kidole.
Mimi nasema nilikuwepo pia.
Sikuwepo.
Usiku ule nilikuwa hapahapa, mashine namba nne imeziba,
maji ya sabuni yananifika vifundoni,
redio inakoroma.
Lakini nimeisimulia mara nyingi mno,
hata kiganja changu kinajua kilivyopinda kiganja chake.

Kokuhirwa anaweka shuka chini. Anakohoa kidogo.

"Kukosa si kuogopa, aogopaye hatupi,
Mzigo walipompa, hakuuliza ni vipi,
Kumi na tatu kalipa, wewe umelipa ngapi?
Twambie bila kukwepa, deni lako liko wapi?"

Chumba kizima, hata mashine, kimya.
Byamungu anasimama. Atajibu. Kwao Bukavu
hakuna aliyewahi kumshinda kwa mdomo.
"Kusifu asiyejua," anaanza, na kidole hewani,
"ni kazi ya... ni kazi ya..."
Anaangalia dari. Anaangalia kikapu cha mataulo.
Kina hakiji.
"Sekunde zimekwisha," anasema Muya.

Tunacheka mpaka msimamizi anachungulia.

Saa kumi na mbili tunavaa mabuti.
Byamungu anafunga kamba polepole, kichwa chini.
"Usiku ule," anasema, "niliweka dola sitini.
Kwa Rochester."

Hakuna anayecheka sasa.
Sitini, mwaka ule, ilikuwa mafuta ya kupashia nyumba.
Kokuhirwa anaokota glavu iliyomdondoka,
anaikung'uta, anamkabidhi.

"Lakini mguu ulikanyaga," anasema Byamungu.
"Haukukanyaga."
Muya anasukuma mlango,
na baridi inatunyang'anya maneno mdomoni.