Mtungaji Hajulikani

Droo ya kumi na saba hulalama ikivutwa.
Ndani, juu ya karatasi isiyo na asidi,
umelala, mkufu namba mia nne na mbili:
Shanga za kioo. Uzi wa pamba. Kifungo kimoja.
Msinga. Mtungaji hajulikani.

Na hiki cha pili, kifungo cha droo,
hakuna aliyekiandika.

Miaka sita nakushika kwa glovu.
Nimepima urefu wako, nimehesabu nyuzi zilizokatika,
nimeripoti unyevu wa chumba.
Sikuwahi kukuuliza ulitoka shingo ya nani.

Leo Pietermaritzburg pananyesha tangu alfajiri.
Kaja bibi Khonzaphi Mabaso, mwavuli unatona,
miwani imeshonwa kwa waya sikioni.
Mkuu wangu akawahi na swali lake la siku zote:
bluu hii yasema nini, mama? Uaminifu? Hamu?

"Yasema nyeupe ziliisha dukani."

Akacheka peke yake. Kisha akakiona kifungo.

"Cha shati la shule, la Mphiliseni, mdogo wetu.
Tulikikata usiku, amelala.
Mwalimu akamchapa kwa kola iliyo wazi,
wala hakututaja.
Yule bwana alikuwa aondoka Jumatatu, migodini.
Aliapa atazikwa nao."
Akaugusa ukingo wa droo, si wewe.
"Kumbe hakuzikwa nao."

Mvua ilijaza chumba kwa muda.

Nikashika penseli: nani alitunga, bibi?
"Ntombizini. Dada yangu. Andika polepole,
jina hilo halijazoea karatasi."
Nikafuta *hajulikani*, nikapuliza vumbi la raba.

Mlangoni, nikimfungulia mwavuli,
akanivuta kiwiko:
"Ntombizini hakuweza kupitisha uzi tunduni.
Surua ilimwachia macho ya ukungu.
Vidole vilikuwa vyangu, mwanangu, usiku kucha.
Yeye alikaa ubavuni akiniambia
hapa nyekundu, hapa ngoja kwanza,
hapa nyekundu tena.
Mimi yule bwana hata sikumpenda.
Sasa wewe uliyesoma: nani alitunga?"

Akashuka ngazi, kikapu begani,
bila kungoja.

Nimerudi. Droo imelalama.
Kwenye lebo, chini ya jina bichi,
alama ya penseli ya kale haikufutika yote:
ukiinamisha taa, bado yasomeka.
Nimeinamisha taa.
Nimeiacha.