Meza Iliyong'atwa

Ijumaa, saa tano, ratiba inasema: Kuchora.
Haisemi kwa kitu gani.
Nina watoto hamsini na watatu,
penseli kumi na mbili, boksi moja la rangi,
na buluu iliisha tangu Oktoba
kwa sababu kila mtoto wa Katuba ukimpa rangi
huanza na mbingu.

Sasa wanaanza na ardhi.
Ardhi ni ya bure. Unaloweka udongo wa uani,
unauchuja kwa kitambaa, unatia uji wa muhogo ushike,
unapata wekundu ambao duka lolote hapa Lubumbashi halina.
Weusi tunautoa kwenye makala.
Kijani tulikamua majani ya matembele;
kufika Jumatatu kimegeuka rangi ya chai.
Hilo nalo wakajifunza, kwamba kijani hufa.

Leo nimeandika ubaoni: MEZA.
Nikachora mstatili, miguu minne,
rula ya mbao ikikwaruza.
Choreni meza, nikasema, lakini kwanza mniambie ya nani.
Meza haianzi na mbao. Meza huanza na mtu.
Nilisema kwa ile sauti ya mwalimu
inayojua jibu.

Ngoie akachora ya baba yake, fundi wa redio,
yenye vishimo, skrubu zisibiringike.
Kabwit akachora ya mfalme
akamaliza wekundu wote wa jirani.
Mbuyi na Kabanga, mapacha,
wakachora meza moja kwenye karatasi mbili, kila mtu nusu yake;
walipoziunganisha ikachechemea,
nao wakacheka mpaka darasa la tano wakatugongea ukuta.

Musonda, benchi la nyuma,
kachora meza iliyong'atwa.
Upande mmoja, katikati, pengo la mviringo
kama mkate uliopitiwa na meno.
Nikainama. Mkono wangu na rula
ulikuwa umeshaanza kunyoosha
kabla mdomo haujauliza.

"Mama iko na tumbo, Mwalimu.
Meza inamusukuma."

Na akishajifungua? Tumbo likiisha?
(Niliuliza kama mkaguzi, nikitafuta kosa.)

Hakuinua kichwa. Alikuwa anapaka makala mguu wa nne.
"Mutoto ataikala mule."

Nikaenda kukaa.
Meza yangu mimi: mstatili, miguu minne,
na kona moja inayonichoma pajani
miaka kumi na mmoja sasa.
Kila siku najiambia, angalia unapopita.
Sijawahi kuilaumu meza.

Kwenye buletini kuna kisanduku: Kuchora, juu ya kumi.
Cha Musonda bado kitupu.

Jioni nikapita kwa Mama Musonda kununua mikate.
Moshi, mafuta, gazeti la kufungia.
Miaka mitatu nanunua kwake.
Naijua ndoo yake ya unga, naujua mwiko wake uliofungwa waya,
najua kwamba chenji hana, hatakuwa nayo.
Sikujua kwamba anasimama upande.
Bega moja mbele, kiuno kimepinda,
mkono unalivuka tumbo kufikia karai,
unarudi, unavuka tena,
kama mtu anayepita mlango mwembamba
tangu asubuhi, na bado hajafika ndani.

Musonda alikuwa pale, kavua viatu vya shule,
kashika uzi wenye mafundo.
Fundo moja kiunoni kwa mama, moja ukingoni mwa meza.
Hakushangaa kuniona.
Akanyoosha kiganja, bila kuachia uzi:

"Chaki, Mwalimu."