Kitambaa cha Katikati

Nyanya yangu, Gobnait Devane, hakuwa na rangi ya chungwa.
Kijani alikuwa nacho: pazia la chumba cha mbele,
limepauka upande wa dirisha.
Nyeupe ilikuwa shuka alilojifungulia wanawe wawili,
limefuliwa hata likawa jepesi kama utando wa maziwa.
Lakini chungwa, katika nchi isiyoota mchungwa?

Alichemsha maganda ya vitunguu usiku kucha
katika sufuria ya viazi.
Kitambaa kikatoka na rangi ya chai ya jana.
"Bendera ya wenye homa ya manjano," akacheka Finbarr, kitinda mimba.
Con hakucheka. Con alikuwa akihesabu risasi, kumi na moja.

Ndipo Gobnait akavuka barabara.

Bi Hester Tuthill alifungua mlango nusu.
Miaka kumi na minane wamekaa mkabala,
wameazimana chumvi, hawajaazimana sala.
Gobnait hakuomba. Alitazama tu ukutani
ulipotundikwa mshipi wa marehemu Bwana Tuthill,
wa chungwa, wenye shada za dhahabu,
aliouvaa kila Julai akiandamana na wenzake
kumshukuru mfalme aliyeoza zamani.
Bi Hester akautungua, akapitisha mkasi.
"Nusu nitazikwa nayo," akasema.
"Na hii ukiishona, usiibane pembeni kama kiraka."

Wakavisha miguu ya cherehani soksi isipige kelele.
Doria ikapita chini ya dirisha.
Kofia ya sajini ilikuwa na kinubi, na juu ya kinubi, taji;
kinubi kile kile kilichochongwa
kwenye jiwe la kaburi la baba yao.
"Chao na chetu ni kimoja," Finbarr alinong'ona,
"ila chao kimekaliwa."

Nyeupe akaiweka katikati
ili rangi zile mbili zisichanganyike siku ya kufua.
Hiyo ndiyo sababu aliyonipa mimi.
Habari ya amani baina ya kijani na chungwa
niliisikia baadaye, darasani,
kwa mwalimu mwenye chaki tatu.

Ilipepea juu ya kinu cha ngano kwa saa tatu,
askari wakapanda ngazi, haikuonekana.
Ilikuwa ndani ya godoro la Bi Hester.

Kisha mkataba. Kisha Con akavaa sare mpya,
vifungo vyenye kinubi kisicho na taji,
na Finbarr akauita mkataba ule nusu mkate wenye sumu,
akarudi milimani na bunduki ile ile.
Agosti wakamleta kwa mkokoteni wa maziwa.

Wenzake walikuja kuidai bendera.
Con naye alikuja, kofia mkononi, kuidai bendera.
Gobnait hakumjibu yeyote.
Aliitandaza juu ya jeneza upande wa ndani,
mishono ikatazama juu,
nyuzi na mafundo yote nje,
kila mmoja aone ilipounganishwa.

Mvua ikanyesha. Lini huko Cork haikunyesha?

Sasa iko kwangu, katika boksi la viatu.
Mimi ni binti wa Con; sijui kama nina haki nayo.
Kijani kimekuwa kijivu.
Wageni huona wekundu hafifu kwenye nyeupe,
hushusha sauti, huuliza kama ni damu.
Hapana, nawaambia.
Mshipi wa Bwana Tuthill ulichuja.